Mtungi wa Chini ya Kitanda cha Bi Mwanamina

Wewe uliyekaa hapo, hebu sema: umewahi kumwosha mama yako mzazi? Si kumnawisha uso akiwa mgonjwa, la. Kumwosha ile mara ya mwisho, yeye kalala hasemi kitu, na wewe umeushika mguu ule ule uliokuwa ukijificha nyuma yake ulipokuwa mtoto. Kama bado, mshukuru Mungu, kisha ukae vizuri umsikilize Mwamini. Yeye alimwosha wake mwaka ule wa vita vya Maji Maji, katika kitongoji kimoja cha Maparoni, huko ambako nyumba zimezungukwa na mikoko na mtu haendi popote bila mtumbwi.

Bi Mwanamina alikata roho alfajiri. Alikuwa mzee, tena mzee hasa, ngozi imelegea kwenye mikono kama nguo iliyomzidi mwenyewe. Homa ilimshika akaacha wali, akaacha uji, mwisho akaacha tambuu. Alipoacha tambuu kila mtu pale nyumbani akajua.

Saa zake za mwisho alihangaika. Ulimi ulikuwa mzito, maneno hayatoki, akawa ananyoosha kidole chini ya kitanda. Ananyoosha, anamtazama Mwamini, ananyoosha tena. Mwamini akainama, akaona mkeka uliokunjwa na viatu vya mti. "Viatu, mama? Unataka kwenda uani?" Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani bado anayo, kisha akachoka. Hakunyoosha tena.

Mwamini alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamnyoosha miguu. Hakulia. Alitoka nje akamkuta mwanawe Sadallah anasukuma mtumbwi majini, aende Salale kuwaambia jamaa.

"Nitarudi mapema, mama," Sadallah alisema. "Maji yakianza kujaa tena alasiri, lazima niwe hapa."

Mwamini alijua kwa nini alasiri. Vijana wote wa pande zile walikuwa wapande na maji hayo ya kujaa, mtumbwi nyuma ya mtumbwi, mpaka bara, watokee Kibiti na kujiunga na wenzao. Huseni, mleta dawa aliyetoka upande wa Ngarambe, mtu ambaye wote walimwita hongo, jina la wajumbe wa dawa ile, alikuwa amekwisha wafundisha miiko. Dawa yenyewe ni maji. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi ikikufikia inageuka maji na kukutiririka kifuani kama jasho. Ilikuwa imefichwa mahali, wanaume wachache tu wakijua ni wapi. Sadallah alikwisha vaa shingoni uzi wa mbegu za mbono, alama ya waendao vitani, anauficha ndani ya kanzu. Lakini kuna nguo gani ya mwana ambayo mama haifui?

Na katika miiko ya Huseni ulikuwamo mmoja wa akina mama: usimlilie anayeondoka, wala usimzuie, machozi ya mama huiharibu dawa. Basi tangu siku aliyouona ule uzi, neno moja lilimkaa Mwamini kooni kama mwiba wa samaki. Usiende. Neno lenyewe dogo hata mtoto anaweza kulitamka. Yeye hakulitamka. Sadallah ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, na baba mtu alikufa zamani kwa kuangukiwa na boriti huko mikokoni. Lakini mwanamke wa kumzuia mwanawe mwaka ule alitemewa mate, hasa mwanamke ambaye ndugu yake alikufa kwa kiboko cha Wadachi.

Kwa hiyo akamwambia mwanawe tu, "Haya, nenda, uangalie mamba," akarudi ndani kwa mama yake.

Siti mwosha hakukawia. Huyu ndiye aliyewaosha wanawake wote waliofia kwenye vijito vile, na alikuwa na desturi ya kuingia nyumba ya msiba huku akikunja mikono ya nguo tangu mlangoni. Nyuma yake akaja Biasha, na huyo alianza kusikika kabla hajaonekana.

"Hodi hapa! Nasikia yule kizee mchoyo kafa! Kafa kweli, au anajificha ili tusimle kuku wake?"

Mwamini akacheka. Hakutaka, lakini akacheka. Biasha alikuwa mtani wao wa ukoo, mtoto wa shangazi wa Bi Mwanamina huko Mchukwi, na mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kila kitu. Hutukana maiti, huingia jikoni akachukua chungu kikiwa mekoni, humwambia mfiwa "nyamaza, umezidi," na hakuna anayenuna. Ndiye pia anayesaidia kumshika maiti, maana mikono yake haitetemeki kama ya wafiwa.

"Maji yako wapi?" Siti aliuliza.

Hapo ndipo penye taabu. Mgeni akiiona delta, hapo mto unapogawanyika kuingia baharini, atafikiri watu wa huko hawana shida ya maji, kumbe maji yamewazunguka nayo hayanyweki. Kiangazi mto hupungua nguvu, chumvi ikapanda vijitoni, na maji matamu hupatikana tu bahari ikishatoka kabisa, tena uyafuate mbali juu kwa mtumbwi. Asubuhi ile kijito kilikuwa kimejaa hadi mizizini, chumvi tupu. Ndani mlikuwa na mitungi miwili ya maji matamu, na mmoja ulikuwa nusu.

"Haitoshi," Siti alisema. "Maji ya kwanza ya mkunazi, ya pili maji matupu, ya tatu ya kafuri. Haya yatafika ya pili na ya tatu. Ya mkunazi je? Na majani ya mkunazi mnayo?"

"Mkunazi uko ng'ambo, kwa Mwalimu."

"Ng'ambo, na mtumbwi keshachukua Sadallah. Haya, mama, jua hilo linapanda."

Biasha alikuwa chumbani anatoa vitu ili wapate nafasi. Alitoa viatu, akatoa ule mkeka uliokunjwa, kisha wakamsikia akiita, sauti yake safari hii haina mzaha. "Njooni mwone. Njooni mwone mzee alivyojiandaa."

Nyuma ya mkeka, ndani kabisa ukutani, ulikaa mtungi mkubwa uliofunikwa kwa kawa na kufungwa kitambaa shingoni. Siti alifungua, akachota kwa kata. Maji yalikuwa ya rangi ya kijani iliyopauka, yana vipande vya majani na mng'ao kidogo wa mafuta juu yake. Akanusa.

"Mkunazi huu."

"Una hakika, dada Siti?" Mwamini aliuliza. "Mbona una mafuta?"

"Umekaa siku nyingi, mama, umechacha. Majani yakichacha hutoa mafuta."

"Na hizi punje za mtama?"

"Panya," Siti alijibu, naye alikuwa mwosha, na kwenye kazi yake hakuna aliyembishia. "Waulize panya kwa nini wameangusha mtama humo. Yote haya marehemu aliyaweka tayari kwa ajili yetu."

Na kwa nini Mwamini asiamini? Mama yake alikuwa mtu wa kujiandaa. Gulamabbas mwenye duka pale Salale alikuwa kafunga milango na kuvuka na mkewe Rukhsana kwenda Chole kwa hofu ya vita, hupati bafta hata ya kufungia kidonda. Lakini sanda ya Bi Mwanamina ilikuwa sandukuni miaka mingi, imekunjwa na karafuu ndani. Kafuri aliiomba kwa huyo huyo Rukhsana, akaifunga kwenye pindo la kanga kuukuu. Pamba, udi, uzi, vyote vilikuwamo. Mtu aliyeweka sanda atashindwaje kuweka maji ya mkunazi? Tena Mwamini akakumbuka kile kidole. Kinanyoosha chini ya kitanda, kinanyoosha tena.

"Alinionyesha," alisema, na sasa machozi yakamtoka. "Yarabi, alikuwa ananionyesha maji yake ya kuoshea, nami nikamletea habari za viatu."

Wakachimba ufuo nyuma ya nyumba, ile mifereji midogo ya kupokea maji ya maiti, wakazungushia mikeka, wakamlaza juu ya kitanda cha kamba. Siti akamimina. Biasha alimshika kichwa. Mwamini alisugua taratibu kwa kitambaa, akianzia upande wa kulia kama alivyoelekezwa.

Ukimwosha mtu unamsoma. Kwenye goti la kulia palikuwa na kovu la mundu, alijikata akivuna mpunga ujauzito wa Mwamini ukiwa mkubwa. Nyayo zilikuwa pana na ngumu kama gome. Nyayo hizo zilikuja Maparoni kwa mtumbwi kutoka bara, Bi Mwanamina akiwa mwali wa Mchukwi ambaye hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Ilisemekana siku ya harusi alipiga kelele njia nzima, kashika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili, mpaka wapiga kasia wakaacha nyimbo zao ili wacheke.

"Hakujua kuogelea mpaka anakufa," Mwamini alisema.

"Ndiyo maana leo tunamwaga kidogo kidogo," alijibu Biasha. "Asije akatufia mara ya pili."

Siti akaguna. Mwamini akacheka huku analia.

Na mtu huyo asiyejua kuogelea alikaa maisha yake yote juu ya maji. Mafuriko yalipokuja walihamia kwenye dungu, kibanda kile cha juu ya miti huko shambani. Humo ndimo alimozaliwa Mwamini, mto ukipita chini ya sakafu na viboko wakikoroma gizani. Bi Mwanamina alikata kitovu mwenyewe, maana mkunga alishindwa kufika kwa mkondo. Alizaa wengi, akabaki na wawili, Mwamini na Abdalah.

Walipofika mgongoni wakamgeuza kwa upole, na mgongo ule laini usio na alama ukawakumbusha wote watatu mgongo mwingine. Abdalah alichukuliwa kwenda kulima pamba ya serikali huko bara. Siku moja alichelewa kufika, akalazwa kifudifudi mbele ya wenzake. Walimrudisha nyumbani kwa mtumbwi, bado kalala kifudifudi, hawezi kugeuzwa. Alikufa hivyo hivyo, uso kwenye mkeka.

Mama yake hakupiga ukelele siku ile. Hilo watu walilizungumza sana. Walipotoka makaburini alichukua jembe akashuka shambani, akafanya kazi mpaka jua likazama. Na tangu hapo, wenzake walipowalaani Wadachi yeye alisema tu, "Tumwachie Mungu," akatema tambuu pembeni. Mwamini alimwamini. Usiku mwingi alijipa moyo kwa hilo: angalau mama yangu kasamehe, angalau ndani ya nyumba hii kuna mtu mmoja asiyetaka vita.

Walimwaga mtungi ule wote mpaka ukabaki mtupu. Wakafuatisha maji matupu, kisha ya kafuri. Wakamkausha, wakamvika sanda yake yenye harufu ya karafuu. Alipendeza, jamani. Siti mwenyewe alisema hajamwosha maiti aliyetulia namna ile. Biasha akausuuza mtungi kwa maji ya chumvi, akaupindua pembeni ya ufuo ukauke.

Sadallah alirudi na jamaa wa Salale wakati kaburi limekwisha chimbwa. Mwamini alikuwa uani anaosha mikono, akamwona mwanawe anapita nyuma ya nyumba, anasimama. Alikuwa anautazama ule mtungi uliopinduliwa.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa tumboni. "Maji yaliyokuwamo humu yako wapi?"

"Tumemwoshea bibi yako. Alijiwekea mwenyewe, mkunazi wake. Hata..."

"Yako wapi, mama?"

Mwamini akaonyesha chini. Ufuo ulikuwa umekwisha kunywa kila kitu. Ilibaki tope yenye mng'ao wa mafuta, na punje chache za mtama ambazo kuku mmoja alikuwa anazidonoa.

Sadallah alimfukuza kuku yule kwa teke. Kisha akakaa chini topeni, kijana mzima yule.

"Ile ni dawa," alisema. "Ile ndiyo dawa yenyewe, mama. Ya watu wote."

Mwamini hakuelewa. Alisikia, lakini maneno hayakuingia. Alimtazama Siti, Siti akaitazama mikono yake mwenyewe, akaanza kuifuta kwenye nguo, anafuta, anafuta.

"Dawa ya vita ikae chini ya kitanda cha mama yangu? Nani aliiweka humo?"

"Mimi niliibeba. Askari wakija hupekua nyumba za wanaume, hawawezi kumwamsha bibi kizee mgonjwa."

"Ulimfichia mama yangu kitu kama hicho pasipo yeye kujua?"

"Kujua?" Sadallah aliinua uso. "Mama, ni yeye aliyesema iwekwe pale. Yeye ndiye aliyemwita Huseni kutoka bara. Kitambaa cha shingoni alikifunga kwa mikono yake. Na akaniapisha: mama yako asijue, mama yako ni mtu wa machozi."

Hapo ndipo Mwamini alipoanguka. Hakuzimia, alishika nguzo ya baraza akateleza nayo mpaka chini. Kifo chenyewe kilikuwa hakijamwangusha. Mama yake, wa tumwachie Mungu! Mama yake aliyelala kila usiku juu ya vita huku binti yake kalala mkeka wa pili, akimsikiliza anavyopumua na kujipa moyo. Alimlisha uji mama huyo. Alimwosha kila kiungo, akadhani anamsoma, kumbe hakujua hata ukurasa mmoja.

Na kile kidole. Sasa kilimrudia kwa namna nyingine. Haikuwa "hiki hapa, nioshe." Ilikuwa "hiki hapa, usikiguse."

Habari haikukaa uani. Jeneza lilipotolewa nje, wanaume wamekwisha panga safu, Huseni aliingia kiwanjani akiwa na manyoya ya kuku kichwani na uso umebadilika. Hakuwa mtu mkubwa wa mwili, lakini watu walimpisha.

"Hilo jeneza halitoki," alisema.

Mwalimu, aliyekuwa asimamie sala, akakunja uso. "Maiti haingojeshwi, Huseni."

"Na Wadachi wanangojeshwa? Watu wananingoja Kibiti. Leo hii, maji yakijaa, nilikuwa niwanyunyizie wanaume hawa wote. Niwanyunyizie nini sasa? Mate?" Akamgeukia Mwamini. "Mama, wewe ulifanya makusudi."

"Sikujua," Mwamini alisema. "Wallahi sikujua."

"Mtungi umefungwa, umefichwa, una mtama na mafuta. Mkunazi gani una mtama?"

"Mimi ndiye niliyesema ni mkunazi!" Siti alilia kutoka nyuma. "Mimi!"

"Nyamaza wewe." Huseni hakumtazama hata kidogo. "Sikilizeni, watu wa Maparoni. Kama mama huyu alifanya makusudi, basi nyumba hii ni ya Wadachi, na nyumba za Wadachi mmesikia zinavyofanywa huko bara. Kama hakujua, sawa, hakujua. Lakini dawa ilikabidhiwa mtu aitunze, na mtu huyo ni Sadallah. Aliyeipoteza aifuate. Aondoke leo hii peke yake, apite Mohoro, aende Ngarambe akalete nyingine."

Watu wakanong'ona. Mohoro ndiko kulikokuwa na boma la Wadachi na askari wao. Mmoja wa jamaa wa Salale akasema kwa woga, "Lakini bwana, inasemekana yule mganga wa Ngarambe anayeitoa dawa keshakamatwa. Inasemekana hata..."

"Uongo!" Huseni alifoka, na namna alivyofoka iliwatia watu baridi zaidi kuliko habari yenyewe.

Sadallah alikwisha simama. "Nitakwenda," alisema. Hakumtazama mama yake.

Mwamini aliona yote mbele yake. Akishikilia "sikujua", ambalo ndilo kweli, nyumba itapona na mwana atakwenda peke yake, kwenye njia yenye askari, kutafuta maji kwa mtu ambaye huenda hayupo tena duniani. Akilisema lile neno lililomkaa kooni, nani ataamini kwamba hakumwaga kwa makusudi? Lilikuwa halijawahi kuwa zito namna ile.

Ndipo mlango wa nyumba ukagongwa kwa fimbo kutoka ndani.

Alitoka Biasha, lakini kila aliyekuwa pale alishtuka, maana hakuwa Biasha. Alikuwa amevaa kaniki ya marehemu, kashika fimbo yake, kainama mgongo vile vile, shavu limejaa tambuu. Hata ule mguu wa goti lenye kovu aliuburuza kama ulivyoburuzwa miaka yote. Ndiyo desturi ya huko. Maiti akiwa tayari kutoka, mtani huvaa nguo zake, akatembea mwendo wake na kusema kwa sauti yake, na kwa muda huo ndiye marehemu mwenyewe. Anachokisema hakikatizwi. Anachokuuliza unajibu, na unajibu kweli, kwa sababu ni mara ya mwisho kuulizwa. Kila mtu alilelewa hivyo, Huseni pia, naye akarudi nyuma hatua moja.

"Nani anapiga kelele uwanjani kwangu?" Biasha alikohoa kikohozi cha Bi Mwanamina, watoto wakakimbilia mama zao. Alimsogelea Huseni, akamgusa manyoya kwa ncha ya fimbo. "We jogoo, hujambo? Wanaume wote hawa, wana mapanga, wana mikuki, mkakosa boma la kuwekea dawa ila mvunguni kwangu? Mnakwenda kupigana na Wadachi, na mlinzi wenu ni bibi asiyeweza kwenda uani peke yake!"

Mtu mmoja akaguna kicheko, kisha mwingine, kisha kiwanja kizima. Hata Mwalimu alijiziba mdomo kwa ncha ya kilemba.

"Basi nimeyaoga yote," Biasha aliendelea. "Sasa mimi risasi hainiingii. Anayeogopa aje tulale wote humu, nafasi ipo, lakini asinikorome."

Huseni hakucheka, ila hakumkatiza. Hakuwa na ruhusa.

Kisha Biasha akamgeukia Mwamini, akamwendea akiburuza mguu, na kicheko kikafa chenyewe. Alisimama karibu kabisa. Alinuka tambuu na kafuri.

"Mwamini," aliita, akilivuta jina mwishoni kama alivyolivuta yule aliyempa jina hilo.

Mwamini alihisi nywele zikimsimama. "Labeka, mama."

"Nilikunyooshea kidole."

"Sikukuelewa, mama. Wallahi sikukuelewa."

"Najua. Mimi dawa niliiweka mwenyewe, wamesikia wote. Nilitaka Abdalah wangu alipiwe, na nikakuficha, nikakuona mtu wa machozi. Hilo ndilo nililolitaka mimi, nami naondoka nalo." Fimbo ikagonga ardhi. "Wewe hujaniambia. Miaka yote tunakula sinia moja, hujaniambia. Wewe ulitaka nini?"

Huseni alikuwa anamtazama Mwamini mdomoni, kama mtu anayetazama mtego. Macho ya Biasha, chini ya ile kaniki, yalikuwa ya Biasha tena, yana hofu, yanamwambia bado ana njia: sema neno la mzaha, sema nilitaka kuku wako, watu wacheke, jeneza liinuliwe, yapite.

Mwamini akamtazama mwanawe. Uzi wa mbono ulikuwa umetoka nje ya kanzu.

"Abdalah alikuwa wako," alisema, na sauti yake ilifika mpaka safu ya mwisho ya wanaume. "Huyu ni wangu. Mimi nilitaka abaki, mama. Nilitaka Sadallah asiende."